Nyota wa Kikapu Akikabidhiwa Timu: Tunayoyaamini na Yaliyotokea

Timu kubwa ya mpira wa kikapu ikimfukuza kocha, hazipiti siku mbili kabla jina la nyota wa zamani halijaanza kutajwa. Mashabiki wanamtaka, wachambuzi wanampigia debe, na mwenye timu anajua tiketi zitauzika. Mcheza kwao hutunzwa, na tunzo inayokuja haraka akilini ni kiti cha kocha mkuu. Hapo ubishi hugawanyika. Wako wanaosema hakuna aujuaye mchezo kuliko nyota, na wako wanaoapa kwamba nyota hajawahi kuwa kocha wala hatakuwa. Nimewahi kukaa kambi zote mbili. Kasoro yao ni ile ile: zinahesabu vikapu alivyofunga mtu, halafu hakuna anayeuliza hiyo kazi ya pili aliisomea wapi.

Dhana: Aliyeucheza vizuri ndiye atakayeufundisha vizuri

Machi 1994, Los Angeles Lakers, timu ya ligi kuu ya kikapu ya Marekani (NBA), walimkabidhi timu nyota wao wa zamani Magic Johnson. Ubingwa mara 5, mchezaji bora wa ligi mara 3, mtu aliyekuwa akitoa pasi bila hata kutazama inakokwenda. Msimu ulikuwa umebakiza mechi 16. Alishinda 5 kati ya 6 za mwanzo na watu wakaanza kushangilia mapema. Kisha zikapotea 10 mfululizo, naye akaaga.

Magic hakuwa na upungufu wa maarifa. Shida ni mahali maarifa yake yalipokaa: mikononi na machoni. Aliona nafasi kabla mwenzake hajajijua kwamba yuko wazi. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza amejuaje, atakuambia ameona tu, na atakuwa anasema kweli. Sasa mpe kijana wa miaka 22 asiyeona, umwambie amfundishe kuona. Atarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, au atakasirika.

Mchezaji wa kawaida hakupewa zawadi hiyo. Ili abaki ligini ilimbidi ajue mguu wa mlinzi ukae upande gani, kizuizi kiwekwe hatua ngapi kutoka kwenye mstari, nani anachoka robo ya tatu. Mambo hayo aliyapitia kwa maneno, moja moja, kwa hiyo anaweza kuyasema tena kwa mwingine. Benchi nalo ni darasa. Phil Jackson alikuwa mchezaji wa akiba wa New York Knicks, akaja kutwaa ubingwa mara 11 kama kocha. Pat Riley naye hakuwa nyota. Steve Kerr alimaliza maisha yake ya uchezaji kwa wastani wa pointi 6 kwa mechi.

Na wapo ambao hata huko benchi hawakufika. Makocha waliotwaa ubingwa wa NBA kuanzia 2019 hadi 2025 ni 7, na kati yao ni Kerr peke yake, mwaka 2022, aliyewahi kucheza ligi hiyo. Mark Daigneault aliyeipa Oklahoma City Thunder ubingwa wa 2025 hakuwa mchezaji hata chuoni. Alikuwa mwanafunzi msaidizi wa timu, wale wanaokusanya mipira na kujaza chupa za maji. Erik Spoelstra aliingia Miami Heat mwaka 1995 kupitia chumba cha video, akikata na kupanga mikanda ya mechi. Miaka 13 baadaye alikuwa kocha mkuu.

Dhana: Basi nyota hafai kabisa

Hapa ndipo wale wa kambi ya pili wanapoteleza, na wao huteleza kwa kujiamini zaidi.

Mwaka 1966 Red Auerbach aliacha ukocha wa Boston Celtics na kumwachia nyota wa timu hiyo, Bill Russell, ambaye bado alikuwa akicheza. Russell akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika NBA. Msimu wa kwanza walitolewa na Philadelphia; miwili iliyofuata, 1968 na 1969, wakachukua ubingwa. Mwenye kejeli atasema kocha Russell alikuwa na bahati ya kuwa na mchezaji Russell katikati ya uwanja, na sitabishana naye sana, maana Russell huyo huyo alipopewa Sacramento Kings mwaka 1987 alishinda mechi 17, akapoteza 41, na msimu haukuisha akiwa kocha. Mtu mmoja, akili ile ile, wachezaji tofauti.

Lenny Wilkens naye? Yumo kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu kama mchezaji na pia kama kocha. Aliipa Seattle ubingwa wa 1979, na alistaafu akiwa na ushindi 1,332 wa msimu wa kawaida. Dawn Staley alishinda dhahabu 3 za Olimpiki akiwa mchezaji. Mwaka 2000 akaanza kufundisha chuo cha Temple huku bado akicheza ligi ya wanawake. South Carolina wametwaa ubingwa wa vyuo chini yake mwaka 2017, 2022 na 2024, na huo wa mwisho bila kupoteza mechi hata moja: 38 kwa 0. Ukisema nyota hawezi, huyo unamweka wapi?

Lakini wa kutazama kwa karibu ni Larry Bird, nyota wa zamani wa Boston, kwa sababu yeye hakupanda ngazi yoyote. Indiana Pacers walimchukua mwaka 1997 akiwa hajawahi kufundisha hata timu ya watoto. Timu ilikuwa imetoka kupoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Msimu uliofuata ilishinda 58, Bird akawa kocha bora wa mwaka, na katika fainali ya ukanda, hatua moja kabla ya fainali ya NBA, wakaipeleka Chicago ya Michael Jordan hadi mechi ya 7, ile ya kuamua. Mwaka 2000 walifika fainali ya NBA.

Alifanyaje? Alijua asichokijua. Aliwachukua wasaidizi wawili, akawagawia kazi kabisa: Dick Harter ulinzi, Rick Carlisle mashambulizi. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, na benchi nyingi zimezama kwa sababu hiyo, ila pale kila mmoja alijua kamba yake. Mapumziko yakiombwa, mara nyingi aliyeshika ubao na kalamu alikuwa Carlisle, Bird kasimama pembeni. Hebu fikiria: mmoja wa wachezaji bora kuwahi kutokea, kamera zote zinamtazama yeye, na anamwachia kalamu mtu aliyekuwa mchezaji wa akiba katika timu yake ya Boston. Kwa nyota, hilo ni gumu kuliko kufunga pointi 40.

Yeye alibaki na nini? Nidhamu ya muda, kuchagua nani acheze, na utulivu. Ndege ya timu iliwahi kuondoka na kuwaacha wachezaji waliochelewa. Pia alisema mapema kwamba atakaa miaka 3 tu, kwani baada ya hapo wachezaji huacha kumsikiliza kocha. Ilipotimia, akaondoka.

Dhana: Angalau wachezaji watamheshimu

Watamheshimu, ndiyo. Kwa wiki chache.

Siku ya kwanza mazoezini kila mtu anataka kupiga naye picha. Ikifika mechi ya 20, mchezaji anataka kujua kwa nini alikaa benchi robo ya nne, na pete za ubingwa za kocha hazijibu swali hilo. Tena kijana wa leo huenda alikuwa hajazaliwa wakati nyota huyo anacheza.

Steve Nash alikuwa mchezaji bora wa ligi mara 2 alipopewa Brooklyn Nets mwaka 2020, bila kuwahi kuwa kocha hata msaidizi. Alikuwa na Kevin Durant, Kyrie Irving, na baadaye James Harden. Watatu hao walicheza pamoja mechi 16 tu. Rekodi ya Nash, ushindi 94 na vipigo 67, si ya aibu hata kidogo, lakini Novemba 2022, baada ya mechi 7 za msimu, alikuwa ameshaondoka. Sioni kocha gani angeituliza nyumba ile. Ninachosema ni kwamba jina lake halikumnunulia muda wa ziada.

Dhana: Pointi gadi ndio makocha wa kuzaliwa

Ina ukweli kidogo, kwa kuwa anayepanga mashambulizi huzoea kuwaza kwa niaba ya watu watano. Wilkens, Staley na Nash wote walicheza nafasi hiyo. Isiah Thomas pia, naye misimu yake miwili ya ukocha Knicks iliishia kwa ushindi 56 na vipigo 108. Ulaya kuna Šarūnas Jasikevičius, pointi gadi aliyetwaa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, mara 4 akicheza, akaja kuitwaa na Fenerbahçe mwaka 2025 akiwa kocha. Ila alipostaafu alikaa kwanza kama kocha msaidizi katika klabu ya Žalgiris. Nafasi uliyocheza haikuondolei uanafunzi.

Dhana: Kazi ya kocha ni kuchora mbinu ubaoni

Mapumziko ya NBA ni sekunde 75. Toa sekunde za wachezaji kutembea hadi benchi na kukaa, toa za kocha kusemezana na wasaidizi wake kabla hajawageukia, toa za kurudi uwanjani. Zinazobaki zinatosha jambo moja, labda mawili, kwa watu wenye mapigo ya moyo juu ambao mmoja wao ana hasira na mwamuzi. Nyota aliyezoea kulitatua tatizo kwa mikono yake sasa anatakiwa kulitatua kwa sentensi fupi, halafu akae.

Na huko nyuma ya hizo sekunde kuna kazi isiyoonekana: video saa za usiku, kupanga mazoezi, kumwambia mtu hatacheza, kuongea na mwenye timu, kujibu waandishi baada ya kipigo. Nyota mwenye hela za kutosha ana haki ya kujiuliza kwa nini ajisumbue. Wengi hujiuliza, wakaenda kununua hisa za timu.

Jason Kidd, nyota mwingine wa pointi gadi, alijaribu njia nyingine. Alistaafu kucheza Juni 2013, na siku chache tu baadaye Nets walimpa timu. Novemba, wakicheza na Lakers, walikuwa wameishiwa mapumziko na zilibaki sekunde 8. Kidd akiwa na kikombe cha kinywaji mkononi, akamwambia mchezaji wake amgonge. Kinywaji kikamwagika sakafuni, mchezo ukasimama ili wafute, na wakati wa kufuta msaidizi wake akachora mbinu. Kikapu hakikuingia, mechi ilipotea, na ligi ikamtoza faini ya dola 50,000. Mimi nilicheka. Ule ni ujanja wa mchezaji, wa mtu anayetafuta njia pale pale. Kocha wa muda mrefu angekuwa amebakiza pumziko moja.

Mwezi uliofuata alimwondoa benchi Lawrence Frank, msaidizi aliyemtaka mwenyewe, ambaye zamani aliwahi kuwa kocha wake pale pale Nets. Linganisha na Bird na kalamu yake.

Dhana: Akishindwa mara moja, si kocha

Huyu huyu Kidd. Msimu wake wa kwanza ulianza kwa ushindi 10 na vipigo 21, ukaishia 44 kwa 38. Akahamia Milwaukee, akafukuzwa Januari 2018. Hapo wengi tulimfungia kitabu. Mwaka 2019 akakubali kitu ambacho nyota wachache hukikubali: akarudi nyuma na kuwa msaidizi, chini ya Frank Vogel wa Lakers, mtu ambaye hakucheza NBA. Mwaka 2020 wakatwaa ubingwa. Mwaka 2021 akapewa Dallas Mavericks, akichukua kiti cha Rick Carlisle, na mwaka 2024 akaifikisha timu fainali. Alianza mwisho akaishia mwanzo, lakini shule alikwenda.

Dhana: Jina kubwa hufungua kila mlango

Kareem Abdul-Jabbar alistaafu mwaka 1989 akiwa na pointi 38,387, nyingi kuliko mtu yeyote wakati huo, na tuzo 6 za mchezaji bora. Alitaka ukocha. Alijulikana kama mtu mkimya, asiyechangamana sana na watu, na katika kazi ya kuongea na watu kila siku hilo lilimgharimu. Msimu wa 1998 hadi 1999 alikwenda Whiteriver, Arizona, kwenye ardhi ya Waapache, akawa msaidizi wa timu ya sekondari ya Alchesay, akiwafundisha watoto waliomfikia kifuani. Mwaka 2002 aliongoza Oklahoma Storm, timu ya ligi ndogo ya majira ya joto, na wakachukua ubingwa. NBA ilikuja kumpa kazi ya kuwanoa wachezaji warefu mmoja mmoja. Kiti cha kocha mkuu wa NBA hakuwahi kukikalia.