Mstari unaomwinua mtu kitini

Kabla sijakaa mbele ya kompyuta kuchanganya sauti za watu, nilipiga kinanda miaka sita kwenye kikundi kidogo cha taarabu huku Temeke. Hatukuwa na jina. Kazi zetu zilikuwa harusi, kicheni pati, na Jumapili moja moja kwenye baa yenye uwanja wa mchanga. Mpiga kinanda hukaa pembeni. Mikono ina kazi lakini macho hayana, basi mimi nilikuwa naangalia watu. Nilichokiona pale ndicho ninachokitegemea mpaka leo, kila msanii anapokuja studio na swali lilelile: "Kaka, nifanyeje nitoboe?"

Aliyewahi kuhudhuria taarabu anajua kutunza. Mama amekaa kimya, soda yake mezani. Ubeti wa kwanza unapita, wa pili unapita. Unafika mstari fulani, hata haujaisha, mama keshasimama. Anakuja mbele kwa madaha, noti mkononi, haharakishi, na njiani anapita makusudi karibu na meza ya mtu ambaye wote wawili wanajua kuna nini baina yao. Pesa anapewa mwimbaji, ujumbe unabaki kwenye ile meza.

Kiongozi wetu akiona watu watatu wamesimama kwenye mstari mmoja, alikuwa ananigeukia na kuzungusha kidole hewani: rudia. Tunarudia mpaka foleni iishe. Kuna usiku ubeti mmoja tuliupiga dakika kumi na mbili. Wimbo wenyewe ulikuwa na beti sita, na zile tano nyingine hakuna aliyezisimamia. Mazoezi yaliyofuata, kiongozi alizifuta mbili bila kumuuliza mtunzi. Mtunzi alinuna wiki nzima.

Sasa mwaka huu msanii anakuja kwangu na simu, ananionyesha watazamaji 40,000. Namuuliza, "Wamesimama wapi?" Ananitazama kama vile nimeanza kuchanganyikiwa.

Namaanisha hivi. Wengi kati ya hao 40,000 amewanunua mwenyewe kwa tangazo la kulipia. Video imewatokea bila wao kuitafuta, wameitazama sekunde nane, wameondoka. Ni sawa na kuhesabu waliopita barabarani nje ya ukumbi. Ukiingia kwenye YouTube Studio kuna mchoro unaoonyesha watu wangapi wamebaki kwenye kila sehemu ya wimbo. Mstari wake kwa kawaida unashuka tangu mwanzo, hilo lisikutishe. Tafuta unapopanda. Ukipanda, mara nyingi maana yake kuna watu wamerudi nyuma kusikia tena. Ule mwinuko ndio mama yangu wa Temeke na noti yake. Kwenye Spotify natazama idadi ya waliohifadhi wimbo, halafu nagawanya mara ulizochezwa kwa idadi ya wasikilizaji. Watu mia mbili waliosikiliza mara sita sita nawapenda kuliko elfu tatu waliosikiliza mara moja.

Nina mfano mmoja ambao nimepata ruhusa ya kuusimulia, ila jina nimeambiwa niliache.

Mwaka juzi alikuja binti kutoka Tanga, anaishi Dar kwa shangazi yake, na gitaa la kuazima lililobaki na nyuzi tano. Wimbo wake ulihusu mama anayetuma mzigo kwa basi, na mtoto anayekwenda stendi ya Mbezi kuupokea. Basi. Hakuna mapenzi, hakuna usaliti, hakuna gari. Mimi kimoyomoyo nilisema hapa hakuna kitu, lakini amelipa, turekodi.

Chumba changu cha kurekodia ni stoo niliyoizungushia magodoro. Feni lazima izimwe, kwa hiyo mwimbaji akifika kiitikio cha pili anakuwa ameloa. Siku ile umeme ulikatika mara mbili. Mara ya tatu aliimba akiwa amechoka na ana hasira kidogo, na alipofika kwenye mstari unaosema jina lake mama ameliandika kwa mkaa juu ya kiroba, sauti ilimkatika. Haikupotea, ilikwaruza tu, kama mtu anayemeza kitu. Nikamwambia usijali, hiyo nitainyoosha kwa programu. Akakataa. Tulibishana karibu nusu saa, mimi nikimweleza kuhusu ubora wa kimataifa, maneno ambayo nikiyakumbuka naona haya. Mwishowe nikaiacha ilivyo kwa sababu muda wake ulikuwa umekwisha na mteja mwingine yuko mlangoni.

Ngoma ikatoka. Baada ya miezi miwili ilikuwa na wasikilizaji mia tisa na kitu, na yeye alishaanza kutafuta kazi ya duka. Nikamwambia njoo na nywila zako tufungue takwimu. Mchoro ulikuwa unashuka taratibu kama kawaida, halafu dakika ya pili na sekunde chache ukapanda. Ni pale pale, kwenye mkaa na kiroba, sauti inapokwaruza. Chini yake, kwenye orodha ya miji, wa kwanza ni Dar es Salaam. Wa pili Muscat.

Hana ndugu Muscat. Ilituchukua siku kadhaa kuelewa. Mtu aliutupia wimbo kwenye kundi la WhatsApp la mabinti wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman, ukasambaa kutoka kundi hadi kundi. Fikiria mwenyewe: msichana yuko kwenye nyumba ya watu, mbali, na mama yake hawezi kumtumia kiroba kwa basi. Huo mstari mimi nilitaka kuupiga pasi.

Hapo ndipo shauri langu likawa na maana, kwa sababu sasa tulijua tunamshauri kuhusu nani. Video ya magari aliyokuwa anakusanyia pesa tuliisahau. Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na saa zao zimetutangulia moja tu, basi akaanza kwenda laivu Ijumaa jioni, yeye na gitaa, taa ya chumbani. Walikuwa wanaingia watu thelathini, arobaini. Walikuwa wale wale kila wiki, wakisalimiana wenyewe kwa wenyewe kwa majina ya vijiji walikotoka.

Nikisimulia hivi, kuna wasanii wanaruka haraka kwenye hitimisho: kumbe nitunge wanachotaka watu. Siyo. Hakuna mtu Muscat aliyeagiza wimbo wa kiroba. Angeuliza mitandaoni watu wanataka nini, angejibiwa mapenzi. Hadhira inakuambia ni mstari upi kati ya uliyoimba umeigusa. Haiwezi kukutungia mstari ambao bado hujauimba, na hiyo kazi ya pili haina njia ya mkato ninayoijua mimi.

Watazame wa singeli, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar. Kabla yao walikuwepo watu wa mchiriku, waliokuwa wakipiga vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo mwenye pesa alimnunulia mtoto achezee. Wakavipitisha kwenye spika zilizochoka, mlio ukatoka umechanika, na ule mchaniko ukawa ndio ladha yenyewe. Kundi la Jagwa Music lilikaa na mlio huo miaka mingi mpaka mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao. Singeli ikaja ikaongeza moto: vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati wakachukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza kwa kompyuta hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Mara ya kwanza kuisikia nilikasirika kweli, maana niliisikia milio ya vinanda vyetu humo ndani ikikimbizwa kama kuku. Wakapigia vigodoro, mitaani, usiku kucha, na pale ukumbi ni barabara, mtu asipocheza anakwenda kulala kwake. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, muziki ukafika kwenye kumbi za Ulaya kwa kasi ile ile. Wangekuwa na mshauri kama mimi mwaka ule, angewaambia wapunguze mwendo ili redio ziwapokee.

Neno "kujitegemea" nalo linahitaji kuangaliwa, kwa sababu vijana wanadhani wanamuziki wote wa zamani walikuwa huru na sisi ndio tumeingia kwenye utumwa wa mitandao. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, mishahara ya chama, na chama kilipobadilika, jina la bendi likabadilika nacho: JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikaja kusimama kama Msondo Ngoma. Orchestra Super Matimila tunayomkumbuka nayo Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa mmiliki wa vyombo. Ukigombana na mwenye vyombo, unatoka na sauti yako tu. Kwa upande mwingine, mwisho wa mwezi ulikuwepo. Leo kijana ana vyombo vyote ndani ya kompyuta moja na hana mwisho wa mwezi, na bado yeye ndiye mtunzi, mhasibu, mpiga picha na wakala wa shoo. Simwambii mtu lipi ni bora. Mimi mwenyewe kuna miezi ninawaonea wivu wazee wa NUTA.

Makaratasi nayapitia haraka kwa sababu yanachosha, lakini yasome. Mwaka 2006 nilitengeneza albamu ya nyimbo nane na rafiki yangu, tukampelekea msambazaji mmoja Kariakoo. Karatasi ilikuwa ukurasa mmoja, nakala ya kaboni chini yake, na katikati kulikuwa na maneno mawili: "haki zote". Tukapewa fedha taslimu, siku ile tulikula kuku. Miaka mingi baadaye nikataka kuziweka zile nyimbo mtandaoni, nikaitafuta ile nakala ya kaboni, nikaisoma nimesimama, nikaketi. Kwa hiyo siku hizi hakuna mtu anayetoka studio kwangu bila karatasi ya mgawanyo: nani ametunga, nani ametengeneza biti, kila mmoja asilimia ngapi, na rekodi yenyewe ni ya nani. Utunzi ni haki moja, rekodi ni haki nyingine, unaweza kuuza moja ukabaki na nyingine. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Biti uliyoipakua "bure" soma masharti yake, mara nyingi ni bure mpaka siku utakayotaka kuuza. Msimbo wa ISRC, ule wa herufi na tarakimu 12 ambao kila rekodi inapewa, uandike kwenye daftari, kwa sababu ukihama kwa msambazaji mmoja wa mtandaoni kwenda mwingine unatakiwa uhame nao, la sivyo hesabu yako inaweza kuanza upya sifuri. Na ujue kwamba tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa msanii anayeanza, pesa ya mtandaoni ni ya vocha.

Basi kufanikiwa ni nini? Kipimo changu ni kidogo sana, nakubali, na kuna wasanii wamenicheka usoni. Namuuliza msanii kama wimbo uliopita umelipa gharama za unaofuata. Siulizi kama umemnunulia kiwanja. Kama umelipa studio, nauli na chakula cha siku ya kurekodi, bila kukopa kwa shangazi na bila kumpigia mtu magoti, huyo kwangu ametoboa, hata kama mtaa wake haumjui.

Yule binti ilimchukua mwaka na nusu. Mmoja wa wale wa Ijumaa jioni alimtumia ujumbe kwamba mdogo wake anaolewa Korogwe, na yeye mwajiri hajamruhusu kuja. Je, anaweza kwenda kuimba kwa niaba yake? Akanichukua na mimi, kinanda changu cha zamani tukakifunga kwenye buti la basi, kikiwa kimeviringishwa kwa blanketi.

Tulipiga nje, chini ya turubai, jenereta ikiunguruma nyuma ya nyumba. Alipofika kwenye mkaa na kiroba, mama wa bibi harusi alisimama. Mkono mmoja ana noti, mkono wa pili ameshika simu ameielekeza mbele, na kwenye kioo kuna uso wa msichana amejibana jikoni kwa watu, anaongea kwa kunong'ona. Nyuma yake wakasimama mashangazi. Sikusubiri mtu azungushe kidole.

Usiku ule ule tulipanda gari la kurudi Dar. Alihesabu noti zikiwa juu ya kanga mapajani, za malipo upande huu, za kutunzwa upande ule. Akanikatia laki mbili za wimbo unaofuata, akaandika kwenye daftari lake. Halafu akachomoa elfu kumi na tano kutoka kwenye hizo hizo laki mbili, akazirudisha kwenye kanga.

"Hii ni nauli yangu ya kuja, kaka. Si wewe uliyesema usafiri tutapewa?"