Je, wajua kwa nini poromoko la theluji huweza kutokea siku ya jua, bila theluji mpya kuanguka?

Anga ni jeupe, jua linawaka, na ni siku ya pili sasa mawingu hayajaangusha chochote. Hata hivyo, mteremko uliokuwa salama juzi leo unaweza kuua. Mzigo wake uliletwa na upepo.

Upepo huikwangua theluji upande unaoupokea, huivusha kilele, kisha huitua upande wa pili, ule ambao mabaharia wangeuita demani. Huko huilundika hata mara 10 zaidi ya kasi ambayo mawingu yangeiangusha. Njiani chembe hugongana na ncha zake nyembamba hukatika. Vipande hivyo vidogo vikitulia hushikana kwa nguvu na kuwa bamba. Tofauti yake ni kubwa: theluji iliyo huru humomonyoka kidogo kidogo kama mchanga, lakini bamba hukatika kwa mkupuo, likaondoka na mteremko mzima.

Ila bamba peke yake halitoshi. Chini yake lazima pawe na tabaka dhaifu, na hilo huzaliwa wakati wa utulivu. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa ikiwa na unyevu, jalidi huota juu ya theluji kama manyoya membamba; ikifunikwa kabla ya kuyeyuka, hubaki humo kwa wiki kadhaa. Aina nyingine hutokea chini kabisa. Ardhi hukaa karibu na nyuzi 0, huku hewa ya juu ikiwa na baridi kali. Theluji ikiwa haba, mvuke hupanda kwa nguvu katikati yake na kuzigeuza chembe kuwa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana, mithili ya sukari. Tabaka la namna hii huweza kuwa na unene wa sentimita moja tu, na jicho lililo juu haliwezi kuliona.

Mtu akikanyaga, tabaka hilo huporomoka chini ya miguu yake na ufa hukimbia makumi ya mita kwa sekunde. Ndiyo maana katika ajali nyingi zinazoua, aliyeliamsha bamba ni mhanga mwenyewe au mwenzake.

Mlima wenyewe hutoa dalili, na mimi ningezithamini kuliko kifaa chochote. Maporomoko mapya kwenye miteremko inayofanana na wako ndiyo onyo kubwa kuliko yote. Nyufa zinazochomoka mbele ya mguu ni onyo. Mvumo mzito kutoka chini, kama kitu kikubwa kimeketi ghafla, ni tabaka dhaifu linalobonyea. Ukiusikia, rudi ulikotoka. Tazama pia paa za theluji zinazoning'inia ukingoni mwa kilele: huelekea upande ulikotupwa mzigo. Kisha pima mwinuko. Mabamba mengi hukatika kati ya nyuzi 30 na 45, na hata aliye bondeni anaweza kuliamsha lililo juu yake.

Wazoefu huchimba shimo, wakatenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha 30, kisha wakaigonga: mara 10 kwa kiganja kutoka kifundo cha mkono, 10 kutoka kiwiko, 10 kutoka bega. Ufa ukiivuka nguzo yote, mteremko haufai. Usipoivuka, usijipe ruhusa, maana hatua chache kutoka hapo hali huweza kuwa nyingine. Taarifa za hatari hutumia viwango 1 hadi 5, na wengi hudhani 3 ni katikati, basi si kitu. Vifo vingi hutokea katika kiwango hichohicho cha 3.

Wala nyayo za waliotangulia si ushahidi. Bamba gumu huweza kuwabeba watu watatu bila kutikisika, kisha likamkatikia wa nne aliyepita karibu na mwamba, mahali ambapo ni jembamba na uzito wake unalifikia tabaka dhaifu.