Mfumo haujala kazi yako

“Mwalimu, mfumo umekula kazi yangu.” Ujumbe huo umeingia tena, safari hii kutoka Newala, na mimi huku Mtwara mjini nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia kiungo.

Moodle, mfumo wa chuo wa kukusanyia kazi mtandaoni, haili kazi ya mtu. Nikifungua kumbukumbu zake naona umeingia saa ngapi, umefungua ukurasa gani, faili limefika lini. Na mara nyingi faili nalikuta pale pale, pembeni pameandikwa ni rasimu, haijawasilishwa. Ulipakia, ukahifadhi, ukaona jina la faili limetokea, ukazima data kuokoa bando. Kumbe chini kabisa kulikuwa na kitufe cha pili, cha kuwasilisha, ambacho kwenye simu hukioni mpaka ushushe ukurasa. Korosho ukizibwaga mlangoni mwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bado hujakabidhi kitu. Mpaka zipimwe, upewe stakabadhi.

Wahadhiri, nanyi msicheke. Kitufe hicho kipo kwa sababu mipangilio ya kazi yenu inakidai. Kizimeni, na faili likishahifadhiwa linahesabika limewasilishwa. Wengi hata hamjui kama mmekiwasha, maana kozi mmeinakili ya mwaka jana na makorokoro yake yote.

Halafu hiyo saa! Ukitengeneza kazi mpya, mfumo unakupendekezea mwisho saa 00:00, nanyi mnaiacha hivyo hivyo. Tarehe 15 saa 00:00 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Mwanafunzi aliyepanga kumalizia jioni ya tarehe 15 amechelewa hata kabla hajaamka. Weka 23:59, yaani saa 5:59 usiku, yaishe. Tena tarehe ya mwisho haifungi mlango: kazi inapokelewa, inaandikwa tu kwamba imechelewa. Kinachofunga ni tarehe ya ukomo, na hicho ni kisanduku kingine. Kuna mhadhiri alinipigia akidai wanafunzi wameudukua mfumo. Hakuna aliyedukua kitu, baba. Kisanduku ulikiacha wazi.

Kuhusu majaribio ya mtandaoni, maelezo ni mafupi: muda unahesabiwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, kwa hiyo kuzima simu hakuusimamishi.

Lipo moja linaloninyima raha. Kumbukumbu zinaonyesha kilichofika kwenye seva, basi. Aliyebonyeza kitufe huku mtandao umekatika na ambaye hakubonyeza kabisa, kwangu wanafanana. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na nchi ikasota bila intaneti ya maana, kila mtu aliaminika. Siku za kawaida nabaki kukisia. Nikikuta rasimu iliyopakiwa kabla ya muda, namwombea mwenyewe kwa mhadhiri. Mfumo unaruhusu kumwongezea mtu mmoja muda bila kuwafungulia wengine. Nisipokuta hata rasimu, sina cha kumwonyesha mhadhiri, hata kama moyoni nakuamini.