Daraja la Tanzanite kwa miguu: tazama mwezi kabla ya saa

Kwa gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, Daraja la Tanzanite linaisha kwa sekunde 74. Lina urefu wa kilomita 1.03 tu, na kwa muda huo abiria wa kiti cha nyuma hata kamera ya simu hajaifungua. Kuegesha juu yake ndiyo kabisa usithubutu. Kwa hiyo wageni ninaowatembeza mjini Dar huvuka kwa miguu. Njia ya waenda kwa miguu ipo, hakuna tozo wala tiketi, na kwa mwendo wa taratibu unatumia dakika 15 hadi 20. Ukiongeza kusimama na kupiga picha, tenga saa moja.

Swali la kwanza huwa ni "twende saa ngapi?" Hapo mimi huuliza kwanza mwezi umefikia wapi. Daraja limekaa pale Mto Msimbazi unapomwagikia Bahari ya Hindi, na maji ya Dar hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kukupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, haizidi sana mita moja. Ukienda bila kujua hili unaweza kufika ukiwa na picha ya bahari ya buluu kichwani, ukakuta tope jeusi limelala hadi mbali, ukadhani umedanganywa.

Hesabu yake haihitaji programu ya simu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo, hapa Dar, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata sogeza mbele kwa wastani wa dakika 50. Mfano: mwezi mpevu ni leo na maji yamejaa saa kumi jioni. Siku nne baadaye yatajaa kama saa moja na dakika 20 usiku, na kukupwa itakuwa saa sita na kitu kabla ya hapo, yaani saa saba mchana. Ni makadirio, nusu saa huku au kule isikutishe. Mwenye shughuli ya kulipiwa, mpiga picha za harusi kwa mfano, atafute jedwali rasmi la maji.

Chaguo langu ni jioni ya bamvua. Unaanza kuvuka saa kumi na moja, maji bado ni mengi chini ya daraja, jua limeacha kuchoma, na Dar jua huzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, kati ya kumi hivi na hamsini. Upande wa baharini utaona meli zimetia nanga nje zikisubiri zamu ya bandari. Upande wa bara jua linashukia nyuma ya mikoko ya Msimbazi. Maghorofa ya Posta yako kusini. Mchana wa saa sita au saba mimi siupendekezi kwa mtu yeyote: darajani hakuna kivuli hata cha kuweka kichwa, na zege linarudisha joto usoni.

Lakini mwenye macho ya kutazama vitu vidogo aende pia saa nne asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, na asianzie Tanzanite. Aanzie daraja la zamani, Salenda, ambalo kwenye ramani huandikwa Selander. La kwanza hapo lilijengwa 1929, likapewa jina la John Einar Selander, aliyekuwa mkurugenzi wa kazi za umma enzi za Waingereza. Simama pembeni, inama utazame tope. Vile vijiti vyembamba vilivyochomoza wima kama penseli zilizochomekwa ni mizizi ya mchu. Tope la mikoko halina hewa, basi mti unapandisha mizizi juu ili upumue. Katikati ya vijiti hivyo kuna matundu, na ukitulia dakika moja bila kusogeza kivuli chako, kaa wadogo wanatoka. Dume ana gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, na hulipunga juu na chini kama anayeita daladala. Ukipiga hatua moja wote wanazama matunduni.

Harufu ipo, nisikufiche. Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na njiani unabeba maji machafu na taka za jiji. Maji yakikupwa tope linabaki wazi na harufu inapanda. Kwa sababu hiyo hiyo usiogelee karibu na mdomo wa mto hata maji yakionekana safi kwa juu. Baada ya mvua kubwa za masika kuna jambo la kutazama ambalo wengi hulikosa kwa kukimbia mvua. Maji ya mto hutoka ya kahawia, na kwa kuwa maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya chumvi, hutandaa juu ya bahari badala ya kuchanganyika mara moja. Kutoka juu ya Tanzanite unauona mpaka kabisa, kahawia huku na buluu kule, na kwenye mstari huo ndipo chupa za plastiki hujipanga. Si picha ya kuvutia watalii, lakini inaonyesha wazi Jangwani imekuwa na hali gani siku hiyo.

Sasa daraja lenyewe. Lilianza kutumika mwanzoni mwa 2022, na Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua rasmi Machi mwaka huo. Lilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini. Jina ni la lile jiwe la Mererani. Wageni wengi hulifananisha na Daraja la Nyerere la Kigamboni kwa kuwa yote yana nyaya, na hapo ndipo ninapowasimamisha. Kigamboni minara ni mirefu na nyaya zimesimama, kwa sababu ndizo zinazobeba uzito wa sehemu ya katikati, mita 200. Tanzanite minara ni mifupi na nyaya zimelala. Kazi kubwa inafanywa na boriti ya zege yenyewe, nyaya zinaikaza tu kwa kuivuta. Wahandisi huliita daraja la ekstradosi, na lile la Kigongo–Busisi kule Mwanza ni la ukoo huo huo. Kwa mpiga picha tofauti hii ina maana: ukilipiga Tanzanite kutoka mbali likiwa dogo kwenye fremu, minara inapotea. Sogea hadi chini ya mnara, simu iwe usawa wa kifua, elekeza lenzi kando ya nyaya. Ukilitaka zima, lipige kutoka Salenda jioni, jua likiwa mgongoni mwako. Asubuhi kutoka hapo hapo unapiga dhidi ya jua, linatoka jeusi.

Ukifika mwisho wa daraja sikiliza magari. Mahali yanapogonga ghafla ni kwenye maungio, nafasi iliyoachwa makusudi. Mita 1,000 za zege zikipata joto nyuzi 10 zaidi hurefuka kama sentimita 10. Bila nafasi hiyo zingejipasua. Na tafadhali, ule mtindo wa wapenzi kufunga kufuli kwenye vyuma vya kingo usiulete huku. Upepo wa hapa una chumvi, kufuli la bei nafuu linaota kutu upesi, na kutu inashuka kwenye chuma kinachopakwa rangi kwa fedha za umma.

Kufika ni rahisi. Upande wa mjini, daraja linaanzia Barabara ya Barack Obama karibu na Hospitali ya Aga Khan. Kwa daladala za Barabara ya Ali Hassan Mwinyi shuka Palm Beach, halafu tembea au chukua bajaji. Upande wa pili unatokea Oysterbay, karibu na Coco Beach. Anzia mjini umalizie Coco. Ukifanya kinyume utamaliza jua limezama, na kula bado.

Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo ni mkali: kofia ifungwe, khanga ishikwe. Simu ishike kwa mkono ulio upande wa kingo, usiinyooshe upande wa barabara, maana kibaka wa pikipiki hahitaji hata sekunde mbili. Usiruke ukuta wa katikati ili kubadili upande. Nenda hadi mwisho ndipo uvuke. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ukiamua kurudi kwa Barabara ya Barack Obama kuelekea Feri, utapita Ikulu: kamera irudi mfukoni mapema, usingoje kuambiwa na askari.

Coco agiza mihogo ya kukaanga. Mwambie muuzaji aichane katikati na kutia pilipili na ndimu ndani, si juu, na uulize bei kabla hujakaa. Chenji ndogo kuwa nayo, ya bajaji pia.