Kusomesha watoto nyumbani ukiwa na mtoto mchanga: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kuna kina mama wengi hapa Kenya wanaotaka kusomesha watoto wao nyumbani lakini wakipata mimba nyingine wanaambiwa hiyo mambo haiwezekani tena. Inawezekana. Shida ni ushauri wanaopewa, mwingi hauna msingi.

"Ngoja mtoto alale ndo uwafundishe wakubwa." Huu ndo ushauri unaochosha watu kabisa. Mtoto wa wiki za kwanza hulala kama masaa 14 hadi 17 kwa siku, sawa, lakini ni vipande vipande, na ananyonya mara 8 hadi 12 kati ya asubuhi na asubuhi, sasa ukingoja usingizi wake utangoja mpaka jioni, na akishalala wewe mwenyewe hujaoga hujala. Tumia wakati wa kunyonyesha. Hapo umekaa, huendi popote, yule wa gredi ya pili anakaa kando yako anakusomea hadithi kwa sauti, akikosea neno unamrudisha, akimaliza unamuuliza sungura alimdanganya fisi vipi, na yule mwingine anakariri kuzidisha kwa saba. Usingizi wa mtoto uwekee somo moja tu linalotaka macho na kalamu yako, labda kugawanya kwa njia ndefu au kusahihisha insha.

"Lazima wakae kwa kiti kuanzia saa mbili hadi saa tisa kama wenzao." Nani alisema? Hata shuleni kipindi cha gredi ya 1 hadi 3 ni dakika 30, gredi ya 4 hadi 6 ni dakika 35, na hapo mwalimu ana darasa limejaa, huyu hana kalamu, yule anapigana. Ukiwa na watoto wawili watatu kwa meza, kazi ya maana inaisha kabla ya chakula cha mchana.

"Umejifungua juzi? Endelea tu kufundisha, ukisimama watabaki nyuma." Tafadhali usifanye hivyo. Aliyeajiriwa sheria ya kazi inampa miezi mitatu ya uzazi, wewe kwa nini usijipe hata mmoja na nusu? Shule zenyewe hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, sogeza likizo yenu iangukie hapo. Na ile huzuni ya siku za kwanza ikipita wiki mbili haijaisha, unalia bila sababu au hutaki hata kumshika mtoto, nenda kliniki useme, si uvivu na si kukosa shukrani.

Sasa hii inaniuma sana: "una bahati, msichana mkubwa atakubebea mtoto." Kumshika mdogo wake mama akioga ni sawa, ni nyumba yao. Lakini nimeona nyumba ambapo wavulana wako mezani na hesabu za sehemu na dada yao wa miaka kumi na mbili amesimama mlangoni na mtoto mgongoni kwa leso, anarukaruka kumbembeleza, anachungulia kitabu kwa mbali, na mwisho wa muhula watu wanashangaa mbona hesabu imemshinda. Hakufundishwa! Wapeane zamu, wavulana pia, na zamu isiingie kwa kipindi cha mtu. Leso ifungwe kwa mgongo wako au wa baba yao.

"Muwekee katuni atulie." Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Mpe sufuria na kijiko agonge. Ila akianza kutambaa chunga vile vitu vya kuhesabia, maharage, shanga, vifuniko vya soda, maana vyote vinaenda mdomoni na vinaweza kumkaba. Hesabu ifanyiwe juu ya meza, ikiisha viingie kwa mkebe wenye kifuniko.

Wengine watakwambia "tulijaribu wakati wa korona ikashindikana." Ile ilikuwa dharura, shule zilifungwa ghafla Machi 2020, masomo yakaja kwa redio na tivi, hakuna aliyejipanga.

La mwisho ni "ni haki yako, hakuna wa kukuuliza." Hapa punguza mwendo kidogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na haisemi wazi kuhusu kusomea nyumbani, kwa hivyo ongea na wakili na familia ambazo tayari zinafanya kabla hujamtoa mtoto shule. Mtihani pia uulizie mapema, ule wa gredi ya sita usajili wake unapitia shuleni, na wanaofuata mfumo wa Cambridge, ule wa Uingereza, huweza kusajiliwa kama watahiniwa binafsi kupitia British Council, shirika la Uingereza linalosimamia mitihani hiyo hapa, ada zake si ndogo, anza kuweka akiba sasa.