Unaomba nafasi ya utafiti yenye hadubini? Onyesha unavyoandaa sampuli

Tangazo likitaka "uzoefu wa hadubini ya elektroni", waombaji wengi hujaza wasifu kwa majina ya mashine walizowahi kuzigusa. Mimi nikisoma maombi hutafuta kwanza kama mtu anajua kuandaa sampuli. Kuendesha mashine atafundishwa kazini kwa wiki chache. Mkono wa kuandaa sampuli huchelewa kukomaa, na picha mbaya nyingi huanzia hapo.

Chukua metali. Kazi ya kupima mielekeo ya fuwele kwa EBSD (mbinu ya hadubini ya elektroni inayosoma elektroni zinazorudi kutoka usoni mwa sampuli) hulaza sampuli kwa nyuzi 70, na ishara hutoka kwenye makumi machache tu ya nanomita za juu. Umepitisha msasa wa 320, 600, 1200, kisha unga wa almasi wa mikromita 3 na wa 1. Uso unang'aa, unajiona ndani yake, lakini ramani ya mielekeo inatoka na madoa meusi kila mahali. Almasi imeacha tabaka jembamba la fuwele zilizovurugika ambalo jicho halilioni. Malizia na silika ya koloidi (chembe ndogo sana za silika zinazoelea kwenye kimiminika) ya mikromita 0.05, kwa mkandamizo mdogo, na uoshe sampuli kabla silika haijakauka. Ikikauka, chembe zake hung'ang'ania usoni na inabidi ung'arishe upya. Mwombaji anayeeleza hili bila kuulizwa mara mbili, mimi namsikiliza hadi mwisho.

Upande wa seli, adui ni maji. Seli ikiachwa ikauke hewani, mvutano wa uso wa maji huisinyaza, na unachopiga picha ni mabaki yaliyobonyea. Ndiyo maana tunaikaza kwa glutaraldehaidi ya asilimia 2.5, tunaondoa maji kwa ethanoli hatua kwa hatua, 30, 50, 70, 90 hadi 100, kisha ethanoli inabadilishwa na kaboni dayoksaidi ya kimiminika. Hiyo ikipashwa kupita nyuzi 31 za Selsiasi, chini ya shinikizo la zaidi ya mara 73 ya hewa ya kawaida, mpaka kati ya kimiminika na gesi hutoweka, na mvutano hutoweka nao. Wengi huharibu kwenye ethanoli ya 100: chupa iliyokaa wazi imeshafyonza unyevu.

Hadubini ya mwanga nayo ina hesabu yake, na kwenye usaili huulizwa. Mwanga wa nanomita 520 na lenzi ya NA (kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) 1.4 hutenganisha vitu vilivyoachana takriban nanomita 186, hivyo pikseli, ikipimwa kwenye sampuli, isizidi nusu ya hapo, nanomita 93. Kamera yenye pikseli za mikromita 6.5 ikifungwa kwenye lenzi ya mara 40 inatoa nanomita 162, haitoshi. Kwa lenzi ya mara 100 ni 65, inatosha.

Kwa hiyo ambatisha picha moja tu, ila iwe na kila kitu: mstari wa kipimo, volteji, unene wa mipako ya dhahabu, hatua za maandalizi, na sentensi mbili kuhusu kisichotokana na sampuli yenyewe, kama mistari ya kisu cha kukatia sampuli au chaji ya umeme iliyokusanyika.

Nawe ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza saa ngapi za mashine utapata kwa wiki, na kama chumba cha maandalizi kina fundi. Maabara yenye hadubini mpya isiyo na msasa wala kisu cha almasi itakupotezea mwaka wa kwanza.