"Dozi moja" ya chanjo ya HPV: maana yake na ilikotoka

Tangu Aprili 2024, msichana wa Tanzania mwenye umri wa miaka 9 hadi 14 huchomwa sindano moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kuhesabiwa kuwa amekamilisha. Dada yake aliyechanjwa miaka michache kabla ya hapo alitakiwa kuchomwa mbili. Mzazi anayeuliza kama watoto wamepunjwa ana haki ya kuuliza. Hawakupunjwa, na sehemu ya ushahidi imetoka Mwanza.

Kwanza neno lenyewe. Dozi moja si nusu ya chanjo, wala si chanjo iliyoongezwa maji. Ni kipimo kilekile cha zamani, ila hakirudiwi.

HPV ni kundi kubwa la virusi vinavyoambukizwa hasa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari huja pale aina fulani zinapong'ang'ania kwenye mlango wa kizazi. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya hapo. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliitambua aina ya 16 mwaka 1983, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Kutoka maambukizi hadi saratani huweza kupita miaka 15 au 20, lakini kwa mwanamke anayeishi na VVU ambaye hapati dawa muda huo hufupika sana.

Chanjo ilipoidhinishwa mwaka 2006, ilitolewa kwa dozi tatu. Baadaye zikawa mbili kwa wasichana wadogo. Wazo la kushuka hadi moja lilianzia Costa Rica, ambako baadhi ya wanawake kwenye jaribio la chanjo hawakumaliza sindano zote. Watafiti waliendelea kuwafuatilia, na miaka ikapita wakiona kwamba hata waliochomwa mara moja tu bado wana kinga. Hata hivyo, wanawake wale hawakuwa wamegawanywa kwa kura tangu mwanzo, na sera ya nchi nzima haiwezi kusimama juu ya jambo lililotokea kwa bahati.

Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoingia. Mwanza, jaribio lililoitwa DoRIS liliwagawa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 katika makundi ya dozi moja, mbili au tatu, kisha damu yao ikapimwa kuona kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa virusi. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16. Kiwango chao kilikuwa chini kuliko cha wenzao wa dozi mbili na tatu, ila kilitulia bila kuporomoka. Kenya, jaribio la KEN SHE lilichukua wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Kisumu, Thika na Nairobi. Kwa miezi 18 dozi moja iliwakinga na maambukizi mapya ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Matokeo ya majaribio yote mawili yalichapishwa mwaka 2022, na Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali rasmi ratiba ya dozi moja kwa walio kati ya miaka 9 na 20. Naona fahari kuandika hilo: mabinti wa kwetu wametoa damu yao, na ratiba ya dunia ikabadilika.

Kwa nini sindano moja inatosha, wakati chanjo nyingine hudai kurudiwa? Siri iko kwenye umbo. Ndani ya chanjo hii hakuna kirusi. Kuna ganda tupu la protini, lisilo na vinasaba, kwa hiyo haliwezi kuambukiza. Ganda hilo limepangwa kwa vipande vinavyojirudia, sawasawa na kirusi halisi, na mpangilio huo huamsha kinga kwa nguvu isiyo ya kawaida. Seli zinazotengeneza kingamwili hukaa kwenye uboho wa mifupa zikifanya kazi kwa miaka mingi. HPV nayo huingia polepole kupitia michubuko midogo, hivyo hata kingamwili chache huwahi kuinasa. Kuhusu hofu kwamba sindano inafunga uzazi: hakuna kitu ndani yake kinachogusa mayai wala mji wa mimba. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake, yaani upasuaji na mionzi.

Faida yake nje ya maabara ni kubwa. Muuguzi hahitaji kurudi shuleni baada ya miezi sita kumtafuta binti aliyehama au kuacha masomo, na shehena ileile ya chanjo hufikia wasichana maradufu.

Tahadhari moja isipite kimya. Msichana anayeishi na VVU, au mwenye kinga dhaifu kwa sababu nyingine, anashauriwa kupata angalau dozi mbili, na tatu ikiwezekana. Mweleze mtoa chanjo hali ya mtoto kabla hajachomwa.

Na mama aliyempeleka bintiye? Chanjo haiondoi maambukizi aliyokwisha kuyapata. Kwake njia ni uchunguzi kuanzia miaka 30, au 25 kama anaishi na VVU: ama kupakwa siki ili madoa yaonekane, ama kipimo cha HPV chenyewe, ambacho baadhi ya vituo humwachia mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe, faraghani. Seli zilizoanza kubadilika zikionekana mapema, mara nyingi huunguzwa au kugandishwa kituoni na mama akarudi nyumbani siku hiyohiyo.